SOMO LA KIKUNDI: TUNUNUE MASHINI AU TUSINUNUE?
Namna ya kupima faida ya chombo baada ya kulipa kodi, na baada ya franka kupoteza nguvu



Katika kazi yetu hapa Tanganyika tumekutana mara nyingi na mashini ya kusaga iliyokufa. Inasimama chini ya kibanda cha mabati, mkanda umekatika, injini imejaa kutu. Watu wanapita wakiwa na mabeseni ya mihogo kichwani, wanaenda kusaga mbali. Ukiuliza sababu, wengi watakujibu neno moja: wizi.

Kwenye eneo moja karibu na Kalemie, neno hilo nusura liharibu amani ya kijiji kizima. Mashini ilikuwa ya pamoja, kati ya wenyeji na wakimbizi wa ndani waliokimbia mapigano ya mwaka 2016 na 2017. Mweka hazina alikuwa mkimbizi. Mashini iliposimama na sanduku likakutwa halina pesa za kununua vipuri, wenyeji walisema: "Wageni wamekula." Wakimbizi nao wakajibu kwamba wenyeji hawakutaka kamwe waishi hapo. Tulikaa na kamati siku mbili, tukafungua daftari ukurasa kwa ukurasa. Hatukuona wizi. Tuliona kitu kingine: bei ya kusaga beseni moja ilibaki ileile miaka yote, lakini bei ya mazutu, mafuta ya injini na vipuri ilipanda kila msimu. Kupanda kwa bei kulikula pesa polepole, na hakuna aliyekuwa anakuangalia. Mtu akaitwa mwizi bure.

Ndiyo maana tumeandika somo hili. Kikundi kinachotaka kununua chombo, iwe mashini ya kusaga, ya kukamua mawese, pikipiki ya mizigo au injini ya pirogi, kinapaswa kufanya hesabu kabla ya kutoa pesa. Hesabu hiyo si ngumu. Anayejua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya anaweza kuifanya.

Lengo la somo

Mwisho wa somo hili kikundi kiweze: (1) kuandika pesa zinazoingia na zinazotoka kila mwaka, (2) kutoa kodi na tozo, (3) kupima pesa za kesho kwa nguvu ya pesa za leo, (4) kuamua pamoja, mbele ya watu wote.

Kwanza tukumbuke yaliyotupata

Sisi Wakongomani hatuhitaji mwalimu wa kutueleza kwamba pesa hufa. Wazee wetu walishika zaire. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja ikabadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, nayo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Aliyekuwa ameficha akiba yake ndani ya godoro aliamka na makaratasi.

Na si mambo ya zamani tu. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa zaidi kidogo ya franka 900. Mwishoni mwa mwaka 2017 ilikaribia 1,600. Mwaka 2023 ilipita 2,500. Mashini zetu, injini na vipuri vinatoka nje ya nchi, na mfanyabiashara huhesabu bei yake kwa dola. Sisi tunasaga kwa franka. Hapo ndipo ugonjwa unapoingilia.

Hatua ya kwanza: andika kila kinachoingia na kila kinachotoka

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kujifunzia tu. Kila kikundi kiweke namba za soko lake.

Mashini na injini yake, usafiri, kibanda na kufunga: franka 7,500,000. Tunadhani itafanya kazi miaka 5, na mwishoni tunaweza kuiuza kama chuma na vipuri kwa 1,000,000, kwa bei za leo.

Kila siku ya kazi tunasaga mabeseni 40, kila beseni franka 1,000. Tusiandike siku 365. Kuna Jumapili, kuna matanga, kuna miezi ya njaa ambapo hakuna cha kusaga, kuna siku injini inagoma. Tuweke siku 250.

Kinachoingia kwa mwaka: 40 x 1,000 x 250 = 10,000,000.

Kinachotoka kwa mwaka:
- Mazutu na mafuta ya injini: 3,500,000
- Msagaji na mweka hazina: 2,000,000
- Mkanda, chekeche, nyundo na fundi: 1,000,000
- Kiwanja na mlinzi: 600,000
Jumla: 7,100,000.

Kinachobaki kabla ya kodi: 2,900,000.

Angalizo: bei ya mashini hatuigawi ndani ya orodha hii. Pesa hiyo inatoka mara moja, siku ya kununua. Hapa tunafuata mwendo wa pesa yenyewe, inapotoka mkononi na inapoingia mkononi.

Hatua ya pili: toa kodi

Vikundi vingi huandika "faida" na kusahau kodi, kisha siku mtu wa kodi anapokuja wanakopa. Biashara ndogo katika nchi yetu zimekuwa na utaratibu wake: ndogo kabisa hulipa kiasi kimoja kwa mwaka, na zinazofuata hulipa sehemu ya mauzo. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo nendeni ofisi ya kodi, mwulize kiwango cha mwaka huu, mkiandike.

Katika mfano wetu tuweke kodi ya 2 kwa mia ya mauzo, yaani 200,000, pamoja na vibali na tozo za mtaa 200,000. Jumla 400,000. Kinachobaki baada ya kodi: 2,500,000 kwa mwaka.

Mambo matatu ya kuelewa hapa.

La kwanza: kodi ya mauzo haiulizi kama mmepata faida. Hata mwaka wa hasara mtailipa.

La pili: kikundi kikikua na kuwa kampuni inayotozwa kodi juu ya faida, hesabu inabadilika, kwa sababu uchakavu wa mashini hupunguza faida inayotozwa. Mashini ya 7,500,000 kwa miaka 5 inachakaa 1,500,000 kila mwaka. Baada ya tozo za mtaa faida ni 2,700,000. Ukitoa uchakavu inabaki 1,200,000, na kodi ya 30 kwa mia ni 360,000. Bila kuandika uchakavu ingekuwa 810,000. Daftari zuri limeokoa 450,000. Lakini tazama: uchakavu huo unahesabiwa kwa bei ya zamani ya kununulia. Bei zikipanda 10 kwa mia kila mwaka, ile 1,500,000 ya mwaka wa tano ina nguvu ya 931,000 hivi ya leo. Kwa njia hiyo kupanda kwa bei kunaongeza kodi bila sheria kubadilika.

La tatu: malipo yenye risiti ni kodi. Malipo ya kizuizi cha barabarani yasiyo na risiti si kodi, lakini pesa imetoka. Yaandikwe ukurasa wake: tarehe, mahali, kiasi. Msiyafiche ndani ya "mazutu". Yakifichwa, mweka hazina ndiye atakayeitwa mwizi baadaye. Yakiandikwa, viongozi wana ushahidi wa kupeleka kwa wakubwa.

Hatua ya tatu: pima pesa za kesho kwa nguvu ya leo

Watu wengi huishia hapa. Wanasema: 2,500,000 mara miaka 3 ni 7,500,000, mashini imejilipa, tununue! Katika mkutano mmoja kijana alipiga hesabu hiyo ubaoni na watu wakapiga makofi. Mama mmoja muuza unga akauliza: "Mwanangu, na mwaka huo wa tatu, mazutu yatakuwa bei gani?" Ukumbi ukanyamaza.

Swali lake ndilo somo lenyewe. Tulijibu hivi.

Tuseme kikundi chetu cha akiba kinaweza kukopesha franka 1,000 na kurudishiwa 1,210 baada ya mwaka. Faida ni 21 kwa mia. Lakini katika mwaka huohuo kitu cha 1,000 sokoni kimefika 1,100, yaani bei zimepanda 10 kwa mia. Je, tumepata kiasi gani kweli? Gawanya 1,210 kwa 1,100, unapata 1.10. Faida ya kweli ni 10 kwa mia. Wengine watatoa tu 21 ukiondoa 10, wapate 11. Inakaribia, lakini njia sahihi ni kugawanya.

Basi pesa yetu inaweza kuzaa 10 kwa mia ya kweli bila kununua mashini. Mashini inapaswa kuzidi hapo. Kwa hiyo franka 1,000 ya mwaka ujao, hata ikihesabiwa kwa bei za leo, tunaichukua kuwa sawa na 909 leo, maana 909 tukiikopesha itafika karibu 1,000. Kwa kila franka 1 tunapata:

Mwaka wa 1: 0.909
Mwaka wa 2: 0.826
Mwaka wa 3: 0.751
Mwaka wa 4: 0.683
Mwaka wa 5: 0.621
Jumla: 3.790

Kanuni moja isivunjwe: usichanganye. Ukiandika pesa kwa bei za leo, tumia faida ya kweli (10). Ukiandika pesa kwa bei zitakazokuwepo miaka hiyo, tumia faida ya juu juu (21). Ukichanganya utadanganywa na hesabu yako mwenyewe.

Sasa tuangalie mashini yetu katika hali mbili.

*Hali A: bei ya kusaga inafuata bei nyingine.* Kila mwaka mazutu yakipanda, na beseni linapanda vilevile. Basi 2,500,000 inabaki na nguvu yake kila mwaka. 2,500,000 x 3.790 = 9,475,000. Ongeza bei ya kuuza mwishoni, 1,000,000 x 0.621 = 621,000. Jumla 10,096,000. Toa bei ya mashini 7,500,000. Kinabaki 2,596,000 juu ya kile ambacho akiba yetu ingezaa. Hapo inafaa kununua.

*Hali B: bei ya kusaga inabaki franka 1,000 miaka yote.* Gharama na tozo za mtaa zinapanda 10 kwa mia kila mwaka. Tuandike franka zitakazoonekana ndani ya daftari:

Mwaka wa 1: zinaingia 10,000,000, zinatoka 8,230,000, zinabaki 1,770,000.
Mwaka wa 2: zinaingia 10,000,000, zinatoka 9,033,000, zinabaki 967,000.
Mwaka wa 3: zinaingia 10,000,000, zinatoka 9,916,300, zinabaki 83,700.
Mwaka wa 4: zinaingia 10,000,000, zinatoka 10,887,900, hasara 887,900.

Tazama vizuri, ndugu. Foleni ni ileile. Mabeseni ni 40 yaleyale. Msagaji hakuiba hata franka moja. Lakini mwaka wa nne mashini inasimama. Zile za miaka mitatu tukizishusha kwa 21 kwa mia, maana ni pesa za juu juu, zina nguvu ya karibu 2,170,000 tu leo. Hata tukiiuza mashini mwishoni mwa mwaka wa tatu kwa 1,000,000 ya bei za leo, tunapata jumla karibu 2,921,000. Tulitoa 7,500,000. Tumepoteza karibu 4,580,000.

Hivyo ndivyo ilivyokufa ile mashini tuliyoitaja mwanzoni.

"Lakini sisi tulipewa bure na mradi"

Wengi wanatuambia hivyo. Tunajibu: mlipewa moja. Ya pili mtapewa na nani? Kama kikundi kinaweka sandukuni 1,500,000 kila mwaka, baada ya miaka 5 kina 7,500,000 na kinafurahi. Kumbe bei ya mashini ileile, ikipanda 10 kwa mia kila mwaka, imefika karibu 12,079,000. Akiba haifiki hata theluthi mbili ya bei. Kwa hiyo kiasi cha kuweka akiba kipande kila mwaka kama bei zinavyopanda, na pesa isilale tu sandukuni. Ikopeshwe kwa wanachama kwa utaratibu, au inunue mapema vipuri vinavyojulikana kwamba vitahitajika: mkanda, chekeche, vichujio. Mkanda ulioko stoo haupotezi nguvu kama franka.

Mambo mawili ya amani ndani ya hesabu

*Kusaidia maskini.* Kamati nyingi, kwa moyo mwema, zinasema wajane na wazee wasage bure. Tunaunga mkono, lakini tuhesabu. Mabeseni 4 ya bure kati ya 40 kila siku yanaondoa 1,000,000 kwa mwaka, na kodi ya mauzo inapungua 20,000 tu. Kinabaki 1,520,000. Ukizidisha kwa 3.790 na kuongeza 621,000 unapata karibu 6,382,000, chini ya bei ya mashini. Mabeseni 2 ya bure: kinabaki 2,010,000, na jumla inafika karibu 8,239,000. Hapo mashini inabeba. Kwa hiyo jibu si "ndiyo" wala "hapana", ni "mabeseni mangapi?" Na majina ya wanaosaidiwa yachaguliwe na wenyeji na wakimbizi pamoja, ili lisizuke neno la "wale wanapendelewa".

*Kurudi nyumbani.* Mkimbizi hajui atakaa miaka mingapi. Tuseme baada ya miaka 2 amani inarudi na familia nyingi zinarudi vijijini mwao, mashini inauzwa kwa 3,000,000 ya bei za leo. Miaka miwili inaleta 4,337,500, mauzo yanaleta 2,478,000, jumla 6,815,500. Hailipi bei yake. Basi kabla ya kununua, kikundi kijiulize wazi: wakiondoka, mashini ni ya nani? Wenyeji watawalipa wanaoondoka sehemu yao, au itahamishwa? Mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi au kidole mbele ya chifu, nakala moja ibaki kwa wenyeji na moja kwa wakimbizi. Tumeona chuki ikianza siku ya furaha ya kurudi, kwa sababu ya injini moja.

Tunashauri nini?

1. Bei ya beseni iangaliwe kila miezi mitatu katika mkutano wa wote, pamoja na bei ya litre ya mazutu. Mazutu yakipanda, beseni lifuate. Kupandisha 50 leo kunaumiza kidogo. Kupandisha 500 baada ya miaka mitatu kunaleta fujo.

2. Hesabu ya mwezi iandikwe ubaoni karibu na mashini: mabeseni, pesa zilizoingia, zilizotoka, kodi, akiba. Asiyejua kusoma asomewe.

3. Fanyeni hesabu mara mbili kila wakati: mara ya kwanza mambo yakienda vizuri, mara ya pili yakienda vibaya. Jaribuni mabeseni 30 badala ya 40. Jaribuni mwaka mmoja bila kazi kwa sababu ya usalama. Kama mashini inafaa tu wakati kila kitu ni kizuri, ngojeni.

4. Mweka hazina awe na msaidizi kutoka upande mwingine: mmoja mwenyeji, mmoja mkimbizi, na angalau mmoja awe mama.

5. Hesabu ikikataa, msione aibu. Kutonunua nako ni uamuzi. Vikundi vingine vimegundua kwamba kulipa fundi atengeneze mashini iliyopo ni nafuu kuliko kununua mpya.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Bei ya kusaga kwetu ilibadilika lini mara ya mwisho? Na mazutu je?
- Mwaka jana tulilipa kodi gani kwa risiti, na malipo gani bila risiti?
- Chombo chetu kikifa leo, tuna pesa ya kununua kingine kwa bei ya leo?
- Je, kuna mtu tuliyemwita mwizi kabla ya kufungua daftari?

Swali la mwisho lisirukwe. Kule karibu na Kalemie, baada ya kuona namba ubaoni, mzee mmoja wa wenyeji alisimama, akamwendea yule mweka hazina, akamshika mkono, akamwambia: "Ndugu, tulikukosea." Bei ya beseni ikapandishwa siku ileile, kwa kura ya wote. Mkanda mpya ulinunuliwa miezi miwili baadaye.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeona pia kwamba huondoka na amani. Tuhesabu kabla ya kununua, na tuhesabu pamoja.